Utani na Msiba

Katika desturi za watu wa bara ya Tanganyika hapana iliyowatatiza wageni kama utani. Mgeni aliyefika penye matanga, akawakuta wafiwa wameinamisha vichwa na wanawake wanalia, aghalabu alishtuka kumwona mtu mmoja akiingia kwa kishindo, amevaa kanzu ya marehemu, anakwenda kwa mwendo wa marehemu, anakohoa kikohozi chake, na huku anawasuta wenye nyumba kwa sauti kubwa kwamba mtu wao alikuwa bahili, mpenda pombe na mwoga wa jembe. Mshtuko wa mgeni ulizidi alipoona kwamba hapana aliyemfukuza mtu huyo. Wafiwa wenyewe, machozi hayajawakauka, walianza kucheka; na baada ya kucheka wengine walilia zaidi kuliko walivyolia kwanza. Mgeni aliondoka akidhani kwamba watu wale hawakumpenda ndugu yao, au kwamba huzuni yao ilikuwa ya juujuu tu. Dhana hiyo ilikuwa kinyume cha mambo. Mtu yule hakuwa mlevi wala adui. Alikuwa mtani, na kabla ya jua kuchwa yeye ndiye aliyekuwa ndani ya shimo akichimba kaburi.

Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja kicheko cha mtu juu ya mtu, nayo hayalingani. Mzaha ni wa kila mtu, haudumu. Masihara hufanywa na watu waliozoeana. Dhihaka ina nia ya kudhalilisha, na tusi humpeleka msemaji mbele ya wazee au mbele ya hakimu. Utani u mbali na yote hayo kwa jambo moja: hautazami sana neno lililosemwa, hutazama aliyelisema. Kumwambia mtu kwamba ukoo wake wote ni wezi wa kuku, neno hilo likitoka kinywani mwa mtu baki ni ugomvi. Likitoka kinywani mwa mtani ni salamu, na asiyeitikia salamu hiyo ndiye aliyekosa adabu. Kwa sababu hiyo anayetaka kuelewa hisia za watu wawili wanaotupiana maneno ya namna hiyo hawezi kuzipata katika maneno yenyewe, hata akiwa hodari wa lugha. Hana budi ajue kwanza kila mmoja ni nani kwa mwenziwe, babu zao walikutana wapi, na katika ukoo wa huyu ni wangapi waliozikwa na ukoo wa yule.

Utani wa nyumbani unajulikana kwa wote, na hauhitaji maelezo marefu. Babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na mjukuu humjibu kwamba hamtaki mzee asiye na meno. Shemeji hutaniana, watoto wa mjomba na wa shangazi hutaniana. Lakini mkwe hataniwi. Katika makabila mengi ya bara mkwe huepukwa hata njiani, na mbele yake sauti hushushwa. Mambo haya mawili, utani wa babu na haya ya mkwe, ni pande mbili za mpango mmoja. Jamii iligawa ruhusa ya kusema: ikaweka watu ambao mbele yao mtu hafungui moyo wake kamwe, na wengine ambao mbele yao hana haki ya kuufunga. Mtoto aliyekua katika mpango huo alijifunza mapema kwamba kila hisia ina mlango wake. Lililomuudhi kwa baba hakulipeleka kwa baba. Alilipeleka kwa bibi, likageuzwa kichekesho, na jioni baba akalisikia.

Katika watu wa milima na mabonde ya Morogoro, yaani Waluguru, Wakaguru na jirani zao, mpango huo ulivuka nyumba ukawa wa koo. Ukoo mmoja ulikuwa na watani wake katika koo nyingine, na hao ndio waliosimamia mambo yao mazito, hasa mazishi na kusafishwa kwa wafiwa baada ya msiba. Wataalamu wawili, James Christensen aliyeandika juu ya Waluguru mwaka 1963 na T. O. Beidelman aliyeandika juu ya Wakaguru mwaka 1966, waliona jambo lile lile, kwamba mtani wa ukoo hukaribia yale ambayo jamaa wa damu hawawezi kuyakaribia bila hatari: maiti, uchafu wa kifo, na maneno ya aibu. Kwa fikira za watu hao, jamaa wa marehemu ameguswa na kifo kiasi cha kutoweza kukishughulikia. Yu ndani ya maji, na aliye ndani ya maji hawezi kujivuta mwenyewe. Anayemvuta ni lazima awe amesimama pwani, lakini awe karibu vya kutosha kumfikishia mkono. Mtu huyo wa pwani ndiye mtani.

Lakini utani uliowashangaza wageni zaidi ni wa makabila, na huo ndio wenye historia ndefu. Chanzo chake hakikuandikwa na mtu aliyekiona. Wazee walipoulizwa walitoa majibu ya namna mbili. Wengine walisema: "Tulipigana nao." Wengine walisema: "Walipita kwetu." Majibu hayo mawili yanafaa kutazamwa moja moja, kwa kuwa yote mawili yanaelekea kwenye karne ya 19, ambayo iliwachanganya watu wa Afrika ya Mashariki kuliko karne nyingi zilizotangulia.

Jibu la kwanza linawahusu sana Wangoni. Watu wa Zwangendaba, waliokimbia vita vya kusini, walivuka mto Zambezi mwaka 1835, siku ambayo jua lilipatwa, wakaenda kaskazini mpaka Ufipa, ambako mfalme wao alifariki miaka ya 1840. Baada ya kifo chake waligawanyika, na baadhi yao wakafika nchi ya Songea. Kila walikopita walipigana, na waliowashinda waliwaingiza katika majeshi yao. Kati ya 1878 na 1882 walipigana na Wahehe, na vita hivyo havikumpa upande wowote ushindi ulio kamili. Upande wa kusini, wenzao wa Mpezeni walipambana na Wabemba, nao pia hawakuwameza. Ni jambo la kuangalia kwamba Wangoni na Wabemba, kadhalika Wangoni na Wahehe, baadaye walihesabiana watani. Ambako vita viliishia kwa mmoja kuwa bwana na mwingine kuwa mtumwa, utani haukuota kwa urahisi. Kwani utani unataka mtu anayeweza kujibu. Mtwana aliyechekwa na bwana wake alinyamaza, na kicheko kinachojibiwa kwa kimya ni kiburi cha mwenye nguvu. Bali ambako pande mbili zilikuwa zimeuana, zikachoka, zikaona kwamba haziwezi kumalizana, kulibaki chuki isiyokuwa na kazi. Chuki ya namna hiyo ilipewa kazi ya kuchekesha. Mngoni na Mhehe waliopambana kwa mikuki waliendelea kupambana kwa maneno, na wajukuu wao wakapokea maneno bila mikuki.

Haifai kudhani kwamba jambo hilo lilitokea lenyewe kama mvua. Palikuwa na hofu iliyopaswa kushindwa kila mara watu wawili wa makabila hayo walipokutana. Mtu anapokutana na mjukuu wa aliyemuua babu yake, ana mambo mawili moyoni: anakumbuka, na anajua kwamba mwenziwe naye anakumbuka. Akinyamaza, ukimya wake utafasiriwa kuwa kisasi. Akijifanya hakumbuki, atakuwa mnafiki, na mwenziwe atajua. Utani ulimpa njia ya tatu, yaani kulitaja jambo lenyewe kwa sauti, mbele ya watu, katika sura ambayo haiwezi kuleta vita. "Nyinyi mlikimbia mpaka mkaacha viatu." "Sisi tulikwenda kutafuta kamba za kuwafungia." Kila mmoja amesema analolikumbuka, na kila mmoja amejua kwamba mwenziwe hatalipiza.

Jibu la pili, lile la njia, linawahusu zaidi Wanyamwezi. Katika karne hiyo hiyo ya 19 biashara ya pembe za ndovu iliunganisha pwani na Unyanyembe, na mizigo yote ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni mwendo wa kilomita 800 hivi, na safari ilichukua muda wa miezi miwili au mitatu. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, kando ya chakula chake, mkeka wake na chungu chake. Alipita kwa Wazaramo, kwa Waluguru au Wakaguru, kwa Wagogo waliotoza hongo ya kupita na ya maji, kisha akaingia nyika ambayo mara nyingi haikuwa na maji ya kutozwa. Ndui, kuhara na njaa vilimfuata. Wengi hawakufika.

Hapo pana swali ambalo vitabu vya biashara ya pembe havikulitilia maanani sana: mpagazi akifa Uzaramo, nani atamzika? Jamaa zake wako mbali kwa mwendo wa siku 60. Wenzake wa msafara wana mizigo, na msafara haungoji. Akizikwa na watu baki bila desturi, kwa imani za zama hizo kivuli chake hakitatulia, wala nchi iliyompokea haitatulia. Palihitajiwa mwenyeji ambaye si ndugu, lakini analazimika kama ndugu. Naye mwenyeji huyo, siku atakapofika Unyamwezi au atakapokutana na Mnyamwezi njiani, awe na haki ya kudai chakula, mahali pa kulala na kaburi. Mapatano ya namna hiyo hayakuandikwa. Yalitiwa muhuri wa maneno ya ufedhuli. Mnyamwezi alifika penye nyumba ya Mzaramo, akachukua kuku bila kuomba, akamtukana mwenye nyumba kwa uvivu wake. Na mwenye nyumba, badala ya kushika rungu, alimtukana kwa kupenda kubeba mizigo ya watu kama punda. Kwa kufanya hivyo wote wawili walikuwa wanajaribu mapatano, kuona kama bado yana nguvu. Kuku aliyechukuliwa bila ugomvi alikuwa ushahidi kwamba kaburi nalo litachimbwa bila ugomvi.

Huu ndio moyo wa jambo lote, nao ndio uliowapita wengi walioandika juu ya utani. Waliona ruhusa wakaacha dhima. Mtani aliruhusiwa kusema kwa sababu alilazimika kuzika. Mwenye kuchimba kaburi, kuteka maji, kupasua kuni, kuwapikia wafiwa wasioweza kupika, na kutembea usiku kupeleka habari kwa jamaa walio mbali, huyo alikuwa amelipa bei ya ulimi wake. Hata ile fidia ndogo aliyodai msibani, kama alipojilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe fedha, au alipokaa njiani akazuia jeneza, ilijulikana na wote kuwa si ujira wa kazi. Ilikuwa njia ya kuwalazimisha wafiwa wasimame, wabishane, wahesabu senti, wacheke. Kwa neno moja, warudi katika shughuli za walio hai kwa muda wa dakika chache.

Yafaa kutazama zaidi yale ambayo mtani aliyasema. Juu ya marehemu pana desturi karibu dunia nzima kwamba asisemwe vibaya. Desturi hiyo ni nzuri, lakini ina uzito wake. Mjane aliyepigwa na mumewe miaka 20 hutakiwa alie kama aliyependwa. Mtoto aliyenyimwa karo na baba tajiri hutakiwa asimulie ukarimu. Ndugu mwenye deni lisilolipwa hutakiwa anyamaze. Katika kilio cha watu hao huzuni imechanganyika na hasira, na hasira haina pa kutokea, kwa kuwa aliyeisababisha amekwisha kwenda na kusemwa kwake ni haramu. Ndipo mtani anaposimama katika kanzu ya marehemu, akajifanya anahesabu fedha chini ya mto na kuwaambia watoto hana kitu. Watu wanacheka, na mtoto yule anacheka pamoja nao. Hakumtukana baba yake, hakufungua kinywa. Lakini neno lililomkaa kooni limesemwa na mtu mwingine, mbele ya ukoo mzima, na ukoo mzima umeonyesha kwa kicheko kwamba ulikuwa unajua. Aliyekuwa peke yake na uchungu wake sasa ana mashahidi. Ndiyo sababu wengine baada ya kucheka hulia zaidi: kilio cha kwanza kilikuwa cha desturi, cha pili ni cha marehemu mwenyewe, mtu yule aliyekuwa na mwendo ule, kikohozi kile na ubahili ule.

Kazi hiyo ilitaka busara. Mtani mjinga aliyegusa donda lisilotakiwa kuguswa, kwa mfano mbele ya mama aliyefiwa na mtoto mchanga, alionywa na wazee na huenda akatozwa. Mtani hodari alijua aanze lini, na hasa aache lini. Watani wa namna hiyo walijulikana mbali, nao waliitwa kwa kutumiwa mjumbe. Wala si kweli kwamba utani haukuumiza kamwe. Maneno mengi yaliyotupwa yalikuwa machafu, na wanawake waliyapokea mengi kuliko wanaume. Walimu wa dini, Waislamu na Wakristo, hawakuyapenda msibani, na katika baadhi ya mambo walikuwa na haki.

Serikali ya Kiingereza iliupokea utani kwa njia ya mahakama. Sheria ilitaka kujua kilichosemwa na kilichochukuliwa. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mshitakiwa na mshitaki ni watani. Mwaka 1940 jarida la Africa la London lilichapisha maelezo mafupi ya F. J. Pedler juu ya jambo hilo, akiwataja Wasukuma kwa Wazaramo, Wasukuma kwa Wazigua, na Wangoni kwa Wabemba. Mwaka huo huo, katika jarida hilo hilo, Profesa A. R. Radcliffe-Brown wa Oxford alitoa nadharia iliyosomwa sana baadaye: kwamba utani ni mchanganyiko wa urafiki na uadui, uliowekwa kati ya watu ambao mambo fulani huwaunganisha na mengine huwatenga, ili wasigombane. Nadharia hiyo ni safi na ina ukweli ndani yake, ila imekaa mbali na kaburi. Mtu akiisoma aweza kudhani kwamba watani walikuwa wanapunguza joto la jamii kama afunguaye kifuniko cha chungu.

Aliyefika karibu zaidi na watu hakuwa mtaalamu wa mila kabisa. R. E. Moreau alikuwa mwanachuoni wa ndege, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, tangu mwaka 1928. Aliandika juu ya utani mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kisha mwaka 1944 katika Africa. Hakujishughulisha sana na nadharia. Alijitahidi kupanga nani ni mtani wa nani, kama alivyozoea kupanga ndege kwa msitu na kwa mwinuko wa nchi. Kwa sababu hiyo kazi yake imedumu. Katika orodha zake mtu aweza kuona vita vya zamani na njia za zamani zilizokwisha kuota majani, zikiwa zimehifadhiwa katika ruhusa ya kutukanana.

Ubishi mwingine ulizuka mwaka 1948, Mfaransa Marcel Griaule alipoandika juu ya Wadogon na Wabozo wa Afrika ya Magharibi, nao ni watani. Alisema kwamba matusi yao si ya kupunguza uadui. Kila mmoja ana sehemu ya mwenziwe ndani yake, na neno la mtani humsafisha. Radcliffe-Brown alimjibu mwaka 1949, na wawili hao hawakukubaliana. Laiti wangeulizwa watu wa Uluguru, ambao mtani wao alisafisha wafiwa na pia aliwachekesha, labda wangeona kwamba ubishi wao haukuhitajiwa kuwa mkali kiasi hicho.

Mizigo iliyokuwa vichwani ilipohamia katika magari ya moshi, reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa masafa marefu ulikufa. Utani haukufa nao. Ulihamia mashambani na mijini. Mkonge, ulioletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ulivuta watu kutoka kila pembe mpaka Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Mtu wa Songea na mtu wa Tabora waliwekwa katika safu moja ya nyumba, hawana mjomba wala shangazi. Lakini waliweza kuuliziana makabila, na kama babu zao walipigana au walipitiana, wakawa na mtu wa kumtukana siku ya kwanza na wa kumtegemea siku ya homa. Kaskazini ya Rhodesia mambo yalikwenda vivyo hivyo. J. Clyde Mitchell, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya ngoma ya kalela iliyochezwa Luanshya kwenye migodi ya shaba, alieleza jinsi makabila yaliyokuwa na uadui zamani yalivyotaniana mjini, Wangoni na Wabemba wakiwa miongoni mwao.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 utani ulipata sifa mpya. Ulisemwa kuwa mojawapo ya sababu za makabila zaidi ya 100 kukaa pamoja bila vita, na katikati ya miaka ya 1970 Stephen Lucas na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya habari zake kwa wingi kutoka makabila mbalimbali. Sifa hiyo inastahili kupokewa kwa kiasi. Nchi ina lugha moja, ilikuwa na chama kimoja na siasa moja kwa miaka mingi, na hayo yalifanya kazi kubwa. Tena desturi za jamaa na utani zipo katika Mali, nchi ya Wadogon na Wabozo wenyewe, na hazikuizuia nchi hiyo kuingia vitani mwaka 2012. Linaloweza kusemwa bila kuongeza chumvi ni kwamba utani uliwazoeza watu kusikia kabila lao likichekwa bila ya kutafuta silaha, na mazoea hayo si haba.

Katika kizazi kilichofuata, neno lilienea kuliko jambo. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland mpaka 1971, huitwa na magazeti watani wa jadi. Jina ni tamu na linauza magazeti. Lakini shabiki wa Yanga halazimiki kumchimbia kaburi shabiki wa Simba, hata kama wapo wanaofanya hivyo kwa wema wao. Matumizi mengine si matamu. Mkubwa wa ofisi humfedhehesha karani mbele ya wageni, na akiona uso wa karani umebadilika husema ni utani tu. Mwanasiasa hulichafua kabila zima jukwaani, na siku ya pili hueleza kwamba alikuwa anatania. Karani hana ruhusa ya kujibu, na mkubwa hana dhima ya kumzika. Ruhusa ya kale imechukuliwa bila ya bei yake, na anayeumizwa huambiwa kwamba haelewi desturi, ilhali yeye ndiye anayeielewa. Moyo wake umepima sawasawa: aliyesema si mtani wake.

Katika misiba ya Dar es Salaam mtani yungali akitafutwa. Mazishi yana kamati, mweka hazina, turubai, viti vya kukodi na mpishi wa kulipwa. Kaburi huchimbwa na vijana wa makaburini kwa malipo yaliyokwisha kujulikana. Hata hivyo kabla ya jeneza kutoka, mzee mmoja huuliza kama hapa hapana Mnyamwezi, au Mngoni, au Mzigua, kwa kadiri ya kabila la aliyefariki. Akipatikana, pengine ni jirani kijana aliyezaliwa mjini, ambaye hakuwahi kumwona marehemu akiwa mzima. Hupewa kofia na fimbo, na wanawake husogea kumpa nafasi. Naye kabla ya kuanza humwinamia mtu wa karibu, akauliza kwa sauti ya chini marehemu alikuwa akitembeaje.